Pesa za Mradi ni Amana

(Mhadhara uliotolewa mbele ya wanafunzi na wazazi baada ya swala ya Alasiri katika mwezi wa Ramadhani. Tumeufupisha kidogo, na lugha ya mzungumzaji tumeiacha kama ilivyokuwa.)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu tukiwa na uzima. Ama baad.

Wazee wangu, mama zangu, walimu, na nyinyi vijana ambao ndio wenye kikao hiki. Najua saa hizi matumbo yanalia na wengine macho yako kwenye saa ya ukutani. Sitawachosha. Nimeombwa nizungumze juu ya jambo moja tu, nalo ni pesa zinazotolewa kwa skuli ili wanafunzi wenyewe wapange na wafanye miradi ya kusaidia jamii. Pesa za namna hii huitwa ruzuku. Nitawaeleza wenzetu wamefanya nini, kisha nitawasimulia kisa changu mwenyewe, ambacho si cha kujisifia, kisha tutaangalia sisi hapa tufanye nini.

Ruzuku ni nini?

Kwanza tuelewane. Ruzuku si mkopo, hulipi. Lakini pia si zawadi ya sikukuu ambayo ukipewa unanunua unachotaka. Ruzuku hutolewa kwa kazi maalum. Umeandika kwamba utajenga kibanda, basi ni kibanda. Ukimaliza unarudisha hesabu: nilipewa kiasi hiki, nilinunua hiki na hiki, risiti hizi hapa, na waliofaidika ni hawa. Kwa hivyo, kwa lugha yetu, ruzuku ni amana. Na amana kila mmoja wetu hapa anaijua uzito wake, hata mtoto wa chuoni.

Baraza la Dar es Salaam

Sasa tuanze karibu, kwa jirani zetu Tanzania. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikutana Dar es Salaam, barazani kwa Jane Goodall, yule mama Mwingereza aliyeanza kuwachunguza sokwe wa Gombe, Kigoma, mwaka 1960, na akafariki mwaka 2025. Vijana wale walikuwa na malalamiko yao. Kuna watu wanavua kwa baruti na kuvunja matumbawe. Kuna ujangili katika mbuga. Kuna watoto wanaolala mitaani. Wakauliza, kwa nini hakuna mtu anayefanya kitu?

Jambo ninalotaka mlishike ni kwamba hawakuanza na pesa. Walianza na tatizo walilolijua kwa macho yao. Kutokana na kikao kile cha barazani ikazaliwa harakati inayoitwa Roots & Shoots, yaani mizizi na machipukizi, na leo iko katika nchi zaidi ya 60. Vijana hujipanga katika vikundi, wanatazama mtaa wao, kisha wanachagua la kufanya kwa ajili ya watu, wanyama na mazingira. Ruzuku zilikuja baadaye. Kule Marekani, kwa mfano, vikundi hivyo vimekuwa vikipewa pesa ndogo ndogo, dola mia kadhaa tu, kwa mradi ambao vijana wenyewe wameuandika. Pesa ilifuata wazo. Si wazo lililofuata pesa.

Marekani na Ureno

Katika nchi ambazo serikali yenyewe iliingiza mkono, Marekani ni mfano mkubwa. Mwaka 1990 walipitisha sheria ya huduma kwa taifa na jamii, na kutokana nayo, baada ya sheria nyingine ya 1993, kukawa na mpango ulioitwa Learn and Serve America, maana yake jifunze na uhudumie. Pesa zilitoka serikali kuu, zikapitia idara za elimu za majimbo, zikafika skulini. Katika miaka yake ya mwisho zilikuwa karibu dola milioni 40 kwa mwaka kwa nchi nzima. Shabaha yake haikuwa usafi wa siku moja watu wakapiga picha wakaenda zao. Walitaka huduma ifungamane na masomo. Mwanafunzi wa kemia apime maji ya mto unaopita mtaani kwake, awapelekee wakaazi matokeo. Mwanafunzi wa lugha awasomee wazee wasioona. Jimbo la Maryland lilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1992 liliamua kwamba mwanafunzi hamalizi sekondari mpaka awe na saa 75 za kuhudumia jamii.

Lakini mwaka 2011 bunge la Marekani liliikata bajeti ya Learn and Serve, na mpango ukafa. Nchi tajiri kama ile! Basi tusidhani mfadhili ni mti wa mnazi, utapanda kila mwezi uangue. Mradi uliofungwa kwenye mfuko wa mtu mmoja hufa siku mfuko unapofungwa. Saa 75 za Maryland hazikufa, kwa sababu zilikuwa zimekwisha kuwa kawaida ya skuli.

Na Ureno, mwaka 2017, serikali ilianza kuzitengea skuli za umma fungu dogo, halipungui euro 500 kwa skuli, na waamuzi wawe wanafunzi. Mwanafunzi alitoa pendekezo, akatafuta asilimia 5 ya wenzake wamuunge mkono, kisha wakapiga kura. Pesa zile zilikuwa za kuitengeneza skuli yenyewe. Lakini fikirini somo alilolipata kijana wa miaka 14: kusimama mbele ya wenzake, kuwashawishi, kushindwa na akakubali, au kushinda na akawajibika. Hilo huwezi kulipata kwenye kitabu.

Na sisi Kenya?

Hatukuanza jana. Kuanzia mwaka 1966 tuna ule mpango wa Tuzo ya Rais, wa shaba, fedha na dhahabu, ambao kijana hawezi kuipata tuzo bila ya kujitolea kuhudumia watu. Na katika mtaala wa umilisi, sekondari ya juu ambayo wanafunzi wake wa kwanza waliingia gredi ya 10 Januari 2026, mafunzo ya huduma kwa jamii yamewekwa kuwa somo la lazima. Kwa hivyo mzazi usishangae mtoto akija nyumbani akasema, baba, leo somo letu lilikuwa ni kwenda kuwauliza watu wa mtaa matatizo yao.

Somo lipo. Pesa je? Na pesa zikija, tutazishika vipi? Hapa ndipo nataka nisimulie kisa changu.

Kisa changu

Mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa kidato cha tatu. Sitaitaja skuli. Nilikuwa mweka hazina wa klabu ya mazingira, na nilikuwa najiona mtu mkubwa sana. Shirika moja lilitoa ruzuku kwa skuli, shilingi 20,000, na mwalimu mlezi akatuachia wanafunzi tupange. Tukaamua kupanda miti katika uwanja wa zahanati ya kijiji cha jirani.

Tulinunua miche 200 kwa shilingi 20 kila mmoja, hizo ni 4,000. Majembe, mbolea na ndoo 8,600. Lori 2,500. Kibao chenye jina la klabu yetu, kikubwa, cha rangi, 1,500. Jumla shilingi 16,600. Tulipanda mwisho wa Novemba, wiki moja kabla ya kufunga skuli. Wageni walikuja, hotuba zikatolewa, picha zikapigwa.

Wenyeji wa pwani mnacheka, kwa sababu mnajua. Mvua za vuli zilikuwa zinakwisha na kaskazi inaingia. Disemba yote jua kali, na sisi tuko majumbani kwetu. Tulipofungua skuli Januari tulikwenda kuangalia. Miche iliyobakia ilikuwa haifiki kumi. Mingine imekauka, mingine imeliwa na mbuzi. Kibao chetu kilikuwa kimesimama vizuri kabisa.

Mama mmoja aliyekuwa amempakata mtoto mgonjwa akaniita. Akaniambia, "Mwanangu, mti ni kitu kizuri. Lakini mngetuuliza. Sisi twafika hapa alfajiri, twakaa juani mpaka saa sita tukingojea zamu, na maji ya kunywa twayabeba kutoka nyumbani." Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya baridi. Kwa pesa zile tungeweza kuweka kibanda cha makuti, mabao ya kukalia, na pipa la maji lenye mfereji. Hatukumuuliza mtu hata mmoja. Tulikaa darasani tukaamua watu wanataka nini.

Hayo ni makosa ya kutojua, na Mwenyezi Mungu ni mwingi wa kusamehe. La pili ni zito zaidi. Kwenye 20,000 toa 16,600, zinabaki ngapi? Shilingi 3,400. Zilikwenda wapi? Soda za wageni, biskuti, picha, nauli za hapa na pale, na nyingine mpaka leo sizijui. Sikuiba, lakini sikuandika. Risiti nilizokuwa nazo nilizitia ndani ya kitabu cha hisabati, na kitabu nikakiazimisha. Shirika likaomba hesabu. Mwalimu akaniuliza, nikasema kesho. Kesho ikawa mwezi, mwezi ukawa muhula.

Mwaka ule ndio mdogo wangu aliingia kidato cha kwanza pale pale. Yeye na wenzake wakasikia habari ya zahanati, wakaenda wakawauliza wale kina mama, wakaandika ombi zuri, la kibanda na maji. Ombi likarudi. Jawabu lilikuwa fupi: skuli hii haijamaliza hesabu ya ruzuku iliyopita. Ramadhani ilipoingia, usiku mmoja tuko kwenye daku, mdogo wangu akaniuliza mbele ya mama, "Kaka, zile risiti ziko wapi?"

Vijana wangu, sikuwa na jibu. Nilikuwa na chakula mdomoni na nikashindwa kukimeza.

Miaka ikapita. Nilipopata kazi, nilirudi skulini na shilingi 3,400. Mwalimu mkuu alikuwa mwingine, kisha wala hakujua nazungumza nini. Alicheka kwanza. Nilipomweleza, akanyamaza, akatoa kitabu, akaniandikia risiti. Ni hii hapa, naitembeza, kila mtu aitazame kisha inirudie. Lakini risiti hii haikuwapa kina mama wale kibanda mwaka ule, wala haikumrudishia mdogo wangu nafasi yake. Wao ndio waliolipa kwa uzembe wangu. Ndiyo maana nasema pesa za mradi ni amana. Ukiipoteza, hujaipoteza ya mfadhili peke yake. Umepoteza na ya wale wanaokuja nyuma yako.

Njia ya kufuata

Sasa basi, tufanyeje? Chukueni kalamu wale wenye kalamu.

La kwanza, anzeni na watu. Nendeni mkawaulize, tena wale wanaoathirika wenyewe, si mzee wa mtaa peke yake. Kina mama, walemavu, watoto wadogo, majirani Waislamu na wasio Waislamu. Andikeni wanavyosema, hata kama sivyo mlivyotarajia.

La pili, chagueni kitu kidogo mtakachokimaliza. Pipa la maji linalotumika kila siku ni bora kuliko kisima kilichochimbwa nusu.

La tatu, pangeni na kalenda mbele yenu. Mvua lini? Mtihani lini? Likizo ni nani atakayemwagilia? Ramadhani nguvu zetu zikoje? Mimi ningetazama kalenda, miche ile ingepandwa masika.

La nne, pesa isishikwe na mtu mmoja. Ikae katika akaunti ya skuli. Wawepo mweka hazina, katibu na mwalimu mlezi, na kila matumizi yakubaliwe na wawili kati yao kabla ya kununua. Daftari moja liwe na tarehe, kitu, bei na saini. Risiti zibandikwe ndani ya daftari siku ile ile. Na siku hizi za M-Pesa, msikubali pesa ya klabu ipite kwenye simu ya mwanafunzi. Ujumbe kwenye simu unaonyesha tu kwamba pesa imekwenda. Hauonyeshi imenunua nini.

La tano, bandikeni hesabu ukutani. Mnakumbuka elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003? Kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka, 650 katika akaunti ya vitabu iliyoitwa SIMBA, na 370 kwa matumizi mengine. Skuli zilitakiwa zibandike hesabu kwenye ubao ili mzazi apite asome. Palipobandikwa, maneno ya chini chini yalipungua. Palipofichwa, yalizidi. Ikiwa mwalimu mkuu anatakiwa kubandika, mweka hazina wa klabu ni nani asibandike?

La sita, ripoti yenu iseme na yaliyoharibika. Msiandike kwamba miche 200 imepandwa mkanyamaza kwamba 190 imekufa. Na tayarisheni mtakaowaachia. Kidato cha nne wanapotoka, daftari liwe limeshakabidhiwa.

Kwa wazazi

Nina neno kwa wazee wetu. Msingoje shirika la nje. Tuseme skuli ina wazazi 100 wenye uwezo kidogo, na kila mmoja atoe shilingi 200 kwa muhula. Hizo ni shilingi 20,000, zile zile nilizozichezea mimi. Ziwekwe na chama cha wazazi. Vikundi vya wanafunzi viandike maombi, wenzao wapige kura, kikundi kimoja au viwili vipewe. Na hesabu isomwe hadharani mwisho wa muhula, wazazi wakiwepo.

Lakini mkiwapa, wapeni na uamuzi. Kuna tabia ya mtu mzima kutoa pesa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamwandikia mtoto mradi. Mtoto akabaki kubeba mawe tu. Huyo hakujifunza kitu. Mwalimu aulize maswali, akague daftari, azuie hatari. Asichukue usukani.

Maswali

Mama mmoja aliuliza: Mwanangu ana mtihani mwaka huu. Hii miradi haitamharibia masomo?

Jibu: Mama yangu, khofu yako ni ya haki. Wa darasa la mtihani wasibebeshwe kazi nzito, wawe washauri wa wadogo zao. Lakini anayefanya bajeti ya kweli amefanya hisabati, na anayeandika ombi likakubaliwa ameandika insha. Saa mbili za Jumamosi hazimfelishi mtoto. Zinazofelisha twazijua, ni zile saa zisizokuwa na kazi.

Kijana mmoja aliuliza: Ustadh, tumeomba mara mbili tumekataliwa. Tuache?

Jibu: Ulizeni kwa nini mmekataliwa, tena kwa maandishi. Kisha fanyeni sehemu ya mradi isiyohitaji pesa. Kusafisha mtaro hakuhitaji ruzuku, kunahitaji majembe ya kuazima. Kufundisha watoto kusoma jioni hakuhitaji ruzuku. Mtakaporudi mara ya tatu mtakuwa na kitu cha kuonyesha.

Binti mmoja aliuliza: Ikiwa tumeshakosea hesabu kama ulivyokosea wewe, tufanyeje?

Jibu: Swali hili ndilo nililolingojea. Binti yangu, nendeni leo. Msingoje miaka kama mimi. Mwambieni mwalimu, kiasi hiki kina risiti, kiasi hiki hakina, na hiki hatujui. Semeni mtakilipa vipi, hata kwa shilingi 50 kila wiki. Mtaona haya siku moja, na haya hiyo mtaistahamili. Mkinyamaza, siku moja mdogo wenu atakuja kuwauliza.

Nimesikia kuna vijana hapa wanataka kuwapikia futari wagonjwa wa hospitali na wale wanaowauguza. Niwaulize tu: mmeshakwenda kuwauliza wanakula nini? Daftari liko kwa nani? Ikiwa jibu liko, basi anzeni, na mimi nitakuwa wa kwanza kutia mkono mfukoni. Na risiti nitaidai.

Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu na atufanye wenye kutunza amana. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.